Lugha ya Umeme na Elektroniki: Darasani na Karakanani, Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza misingi michache ya mifumo ya umeme na ya elektroniki kwa lugha ya Kiswahili, na papo hapo kuyachunguza maneno ambayo kwayo misingi hiyo huelezwa. Mambo haya mawili hayatenganiki kwa urahisi. Mtu hawezi kulifahamisha jambo kwa neno ambalo lenyewe halijafahamika. Wala hawezi kulipima neno la kitaalamu bila kwanza kukijua kitu ambacho neno hilo linakitaja.

Mifano yetu aghalabu tutaitoa katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Kitale ni mji wa mchanganyiko: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo hukutana sokoni mwake, na fundi asiyejua kabila la mteja wake humwamkia kwa Kiswahili. Bungoma nako, ijapokuwa Lubukusu ndiyo lugha ya nyumba nyingi, kazi ya ufundi mjini huendeshwa zaidi kwa Kiswahili. Sababu ya pili ni ya elimu. Katika sehemu hizo hizo pana vyuo vya hali ya juu: Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kitale, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Sang'alo, na Chuo Kikuu cha Kibabii. Huko masomo ya sayansi na ufundi hutolewa kwa Kiingereza. Hivyo elimu moja ina lugha mbili, na baina ya lugha hizo mbili hakuna daraja lililojengwa kwa makusudi.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili cha karakana kina utajiri wa vitenzi na uhaba wa majina ya vipimo. Na kwamba uhaba huo si suala la mapambo ya lugha, bali hugharimu mali na hata maisha ya watu.

2. Stima, umeme na radi

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Katika Kiswahili sanifu kitu hiki huitwa umeme. Kwa asili umeme ni ule mwanga wa ghafula uonekanao mawinguni wakati wa mvua, na neno lina udugu na vitenzi kama meta na memeteka. Wasemaji wa Kiswahili walipokutana na nguvu mpya ya kuwasha taa, walilipanua neno lililokuwapo. Upanuzi huo ulikuwa sahihi kuliko walivyoweza kujua, kwani wanasayansi wa karne ya 18, akiwamo Benjamin Franklin wa Marekani, walikwisha kuthibitisha kwamba mmweko wa mawinguni na cheche za mashine zao vilikuwa kitu kimoja.

Wakazi wa Kitale na Bungoma, kama Wakenya wengi wa bara, husema stima. Neno hili lina asili ya Kiingereza, nalo latokana na mvuke. Hapo awali stima ilikuwa ni meli iendeshwayo kwa mvuke. Baadaye jina likahamia kwenye mitambo ya mvuke iliyozalisha umeme, na mwishowe likahamia kwenye umeme wenyewe. Kwa magharibi mwa Kenya jina hilo halikuafikiana sana na asili ya kitu. Umeme ulioanza kuingia Kenya kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa nyaya zilizopita Tororo, ulikuwa wa maji ya Naili pale Jinja, katika bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Bwawa la Turkwel, lililojengwa katika nchi ya Wapokoti kaskazini mwa Kitale na kukamilika mwaka 1991, nalo ni la maji. Lakini lugha ina bahati zake. Tangu mwaka 1981 Kenya imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria, na leo mvuke huo ndio chanzo kikubwa kuliko vyote katika gridi ya taifa. Neno lililoelekea kupitwa na wakati limerudi kuwa kweli.

Je, tulifute neno stima kwa kuwa si sanifu? Kwa maoni yetu, la. Sehemu za Bungoma na Kakamega hupata radi nyingi sana katika mwaka, na kila msimu wa mvua huja na habari za watu au mifugo iliyopigwa. Mtu wa huko akiambiwa kwamba jirani yake amepigwa na umeme, yamkini atatazama mawinguni. Akiambiwa amepigwa na stima, atakimbilia swichi. Tofauti hiyo ina faida. Katika maandishi tutatumia umeme, lakini fundi asemaye stima hana kosa.

3. Neno "nguvu" na maana zake tatu

Lililo zito zaidi ni neno nguvu. Katika karakana mtu atasikia kwamba stima haina nguvu leo, kwamba betri hii ina nguvu kuliko ile, kwamba waya huu hauwezi kubeba nguvu ya mashine, na kwamba kifaa fulani kimeungua kwa kuzidiwa na nguvu. Sentensi hizi zote ni Kiswahili fasaha, na wanaosemezana huelewana. Hata hivyo nguvu inayotajwa si moja. Mara ni msukumo, mara ni wingi wa kitu kinachopita, mara ni kiasi cha kazi inayofanyika.

Ili kuzitenganisha maana hizi, tutazame mto Nzoia. Mto huu hupata maji yake katika milima ya Cherangani na Elgon, huipitia nchi ya Trans Nzoia, huteremka katika maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, kisha hushuka hadi Ziwa Viktoria. Kwanza, maji huteremka kwa sababu kuna tofauti ya kimo baina ya mlimani na ziwani. Kadiri tofauti hiyo inavyozidi ndivyo msukumo unavyozidi. Katika umeme, tofauti kama hiyo huitwa volteji, na kipimo chake ni volti, kwa heshima ya Alessandro Volta wa Italia aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Jiwe moja la tochi lina volti moja na nusu. Betri ya gari ina volti 12. Soketi ya nyumbani nchini Kenya ina volti 240.

Pili, kuna wingi wa maji yapitayo mahali fulani kwa kila nukta ya wakati. Msimu wa kiangazi na msimu wa masika kimo cha Cherangani ni kile kile, lakini mto haulingani. Katika umeme wingi huu huitwa mkondo, neno ambalo mabaharia na wavuvi walikuwa nalo tangu zamani kwa maana ya mwendo wa maji. Kipimo chake ni ampea. Kinachokwenda katika waya ni elektroni, chembe ndogo mno ambazo zilitambuliwa na J. J. Thomson wa Uingereza mwaka 1897.

Tatu, kuna mawe, matete na wembamba wa mfereji, ambavyo huyazuia maji yasipite kwa wingi. Hivi tunavilinganisha na ukinzani wa waya, ambao kipimo chake ni omu. Georg Ohm wa Ujerumani alionyesha mwaka 1827 kwamba mambo haya matatu yamefungamana: ukizidisha mkondo kwa ukinzani, unapata volteji. Kwa maneno mengine, msukumo ukiwa ule ule na kizuizi kikaongezeka, mkondo hupungua.

Kuna na la nne, nalo ndilo hasa listahililo kuitwa nguvu au uwezo. Vinu vya maji vilivyosaga mahindi katika mito ya magharibi mwa Kenya wakati wa ukoloni vilihitaji mambo mawili kwa pamoja: maji yatoke juu, na yawe mengi. Kimo kikubwa chenye maji ya kikombe kimoja hakisagi, wala maji mengi yaliyotulia tambarare hayasagi. Vivyo hivyo uwezo wa umeme, upimwao kwa wati, ni volteji iliyozidishwa kwa mkondo. Birika la umeme la wati 2,000 likiunganishwa na volti 240 huvuta zaidi kidogo ya ampea 8. Balbu ya kisasa ya wati 9 huvuta takriban sehemu nne za mia za ampea moja. Msomaji aikumbuke hesabu hii ya balbu, kwani tutairudia.

Faida ya kutenganisha maneno haya huonekana mara moja. Mwenye boma vijijini aunganishaye jiko la mbali na nyumba kubwa kwa waya wa shaba mwembamba, wa milimita mraba moja na nusu, kwa umbali wa mita 100, atalalamika kwamba birika lake halichemshi upesi. Fundi atamwambia kwamba stima imepungua nguvu njiani. Mzee atauliza, je, imepotelea wapi? Jibu ni hili. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 12 kwa kila kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 200, hivyo ukinzani ni takriban omu mbili na nusu. Mkondo wa ampea 7 na ushei ukipita humo, volti zaidi ya 18 hutumika kuupasha waya joto badala ya kuyachemsha maji. Waya wa milimita mbili na nusu ungepoteza volti 12 tu hivi. Kisichotosha hapa si stima ya kampuni wala si birika, ni unene wa waya. Lakini maadamu vyote vinaitwa nguvu, mzee hana njia ya kulijua hilo, naye huenda akanunua birika jingine.

4. Saketi na kitenzi "kula"

Mfano wa mto una mwisho wake, na ni wajibu wa mwalimu kuuonyesha mwisho huo. Maji ya Nzoia hayarudi Cherangani kwa kuufuata mto. Umeme hauendi mahali usikoweza kurudi. Ni lazima njia itoke kwenye chanzo, ipite kwenye kifaa, na irejee kwenye chanzo kile kile. Njia hiyo iliyofungika huitwa saketi. Ikikatwa mahali popote, mkondo husimama pote kwa wakati mmoja, wala umeme haumwagiki mwishoni mwa waya kama maji yamwagikavyo kwenye bomba lililopasuka.

Hapa kitenzi kimoja cha karakanani chahitaji kuangaliwa. Watu husema kwamba pasi inakula stima nyingi. Msemo huu ni mzuri, lakini huweza kumfanya mwanafunzi adhani kwamba mkondo huingia ndani ya pasi ukaliwa, na kwamba unaotoka ni mdogo kuliko ulioingia. Sivyo. Kama zimeingia ampea 4, zimetoka ampea 4. Kinacholiwa ni nishati, au kawi kama isemwavyo zaidi nchini Kenya, yaani ile kazi ambayo mkondo uliifanya ulipokuwa ukisukumwa. Hiyo ndiyo iuzwayo kwa yuniti. Yuniti moja ni kilowati-saa moja: uwezo wa wati 1,000 ukitumika kwa muda wa saa nzima. Birika letu likichemka kwa nusu saa litakuwa limekula yuniti moja. Balbu yetu ya wati 9 itahitaji zaidi ya saa 111 kula kiasi hicho hicho.

Hivyo hatuna haja ya kukikataza kitenzi kula. Tunachotakiwa kukisema ni kilichowekwa mezani. Saketi haili mkondo, hula nishati.

5. Waya wa tatu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa ajili yake makala haya yaliandikwa. Soketi ya Kenya ina matundu matatu. Mafundi huziita nyaya zake laivu, nyutro na athi. Laivu huuleta mkondo, na nyutro huurudisha. Taa huwaka na redio huongea kwa hizo mbili tu. Athi haifanyi kazi yoyote ionekanayo. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba anayebana matumizi huuliza swali la haki kabisa: fundi, huo waya wa tatu na hicho chuma cha kuzika ardhini ni vya nini, na stima inawaka bila hivyo?

Swali hili limekuwa la watu wengi zaidi tangu mwaka 2015, serikali ilipoanzisha mradi wa kuwaunganishia umeme wakazi walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, kwa ada ya shilingi 15,000 badala ya 35,000. Nyumba nyingi za vijijini ziliingiziwa umeme kwa mara ya kwanza, na wenyewe hawakuwa na mazoea nao.

Jina athi halimsaidii mwenye nyumba huyo. Kwa asiyejua Kiingereza halina maana yoyote, na kwa Mkenya wa kawaida huleta fikira za mto Athi. Maana yake, hata hivyo, ni ardhi, na ni ajabu kwamba neno la Kiswahili linalofanana nalo hata kwa sauti halikushika mahali pake. Maelezo yake ni haya. Nyutro ya kampuni ya umeme imeunganishwa na ardhi kwenye transfoma. Kwa hiyo ardhi yenyewe ni njia ya kurudia. Waya wa laivu ukichubuka ndani ya jokofu ukagusa bati lake, jokofu litaendelea kufanya kazi kama kawaida. Lakini atakayeligusa akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji atakuwa ameifunga saketi kwa mwili wake: kutoka batini, mkononi, kifuani, mguuni, hadi ardhini, na kurudi kwenye transfoma.

Waya wa ardhi hulifungamanisha bati la jokofu na ardhi kwa njia nyepesi kuliko mwili wa mtu. Hitilafu ikitokea, mkondo mwingi hupita huko, fyuzi hukatika, na mtu hujua kwamba kuna jambo. Lakini mahali penye udongo mkavu ukinzani wa ardhi huweza kuwa mkubwa, na mkondo usitoshe kuikata fyuzi. Ndiyo maana pamoja na waya huo hutakiwa kifaa kinacholinganisha mkondo uendao na mkondo urudio. Tumekwisha kusema kwamba katika saketi nzima mikondo hii miwili ni sawa. Ikiwa si sawa, basi sehemu yake imepata njia nyingine, na njia hiyo huenda ikawa ni mtoto wa mtu. Vifaa vya namna hii vya majumbani kwa kawaida hutegwa vikate umeme tofauti ifikapo miliampea 30, yaani sehemu tatu za mia za ampea moja. Msomaji aikumbuke balbu yetu: huo ni mkondo mdogo kuliko ule unaoiwasha balbu ya wati 9. Asemaye kwamba stima ya kuwasha balbu moja haiwezi kumdhuru mtu amelichanganya neno nguvu. Kiangaliwacho hapa si wati za balbu, ni mkondo upitao moyoni.

Kuna mazoea mawili yanayoonyesha ukosefu wa maelezo haya. La kwanza ni la kuingiza kijiti au kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iweze kuingia. Tundu hilo ni la ardhi, na mguu wake mrefu uliwekwa makusudi uingie kwanza na kuyafungua matundu mengine, ili kifaa kiwe kimekingwa kabla hakijapata umeme. Kijiti huufungua mlango bila ya kumleta mlinzi. La pili ni la rangi. Katika nyumba za zamani laivu ilikuwa nyekundu, nyutro nyeusi na ardhi kijani. Kwa utaratibu mpya laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, na ardhi ni kijani chenye mistari ya manjano. Na katika umeme wa nyaya tatu za laivu, moja kati ya hizo huweza kuwa nyeusi. Fundi aliyefundishwa kwamba nyeusi ni salama, bila kufundishwa kwa nini, amefundishwa rangi tu.

6. Kutoka umeme hadi elektroniki

Yapo maneno mawili, umeme na elektroniki, na wengi huyatumia kana kwamba la pili ni jina la fahari la la kwanza. Tofauti ipo. Katika mfumo wa umeme mkondo hufanya kazi: huchemsha, huangaza, huzungusha. Katika mfumo wa elektroniki mkondo mmoja huutawala mkondo mwingine, na hivyo huchukua habari.

Mita ya tokeni iliyo katika nyumba nyingi ni mfano wa yote mawili katika sanduku moja. Mteja hubonyeza tarakimu 20. Tarakimu hizo hazina uwezo wa kuwasha hata balbu. Ni habari tu. Saketi ndogo ya elektroniki huzisoma, huzihakikisha, huongeza yuniti, kisha huiamuru swichi ifungike, na hapo mkondo mkubwa wa umeme huingia nyumbani. Saketi ile ndogo ni kama mtu aliyekaa penye lango la mfereji wa kunyweshea shamba: mkono wake ni mdogo, lakini maji yanayopita au kuzuiwa kwa mkono huo ni mengi.

Kifaa kifanyacho kazi ya mkono huo huitwa transista. Kabla yake palikuwa na valvu, chupa za kioo zilizopaswa kupata moto kwanza ndipo zifanye kazi, na redio za valvu zilikuwa nzito na zenye kuhitaji umeme mwingi. Mwaka 1947 wataalamu watatu wa maabara ya Bell huko Marekani, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walifanikiwa kuutawala mkondo ndani ya kipande kigumu kisichohitaji kupashwa moto. Kipande hicho ni cha nusukipitishi, yaani kitu kama silikoni ambacho si kipitishi kama shaba wala si kihami kama mpira, na ambacho tabia yake hubadilika kwa kutiwa chembe chache za kitu kingine. Transista ina miguu mitatu. Mkondo mdogo ukiingia katika mguu mmoja, mkondo mkubwa huruhusiwa kupita baina ya ile mingine miwili.

Matokeo yake kwa lugha yetu hayakuwa madogo. Redio ya transista iliyotumia mawe machache ilifika mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika, na katika miaka ya 1960 na 1970 idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya ilisikika katika maboma ambayo hayakuwa na taa. Redio hizo zilipoharibika ndipo fundi wa redio alipopata riziki yake sokoni, na pamoja naye ikazaliwa lugha tunayoichunguza.

7. Vitenzi vya karakana na majina ya darasani

Lugha hiyo ina nguvu katika vitenzi. Betri hulala, hufa na hufufuliwa. Bodi hupiga shoti. Redio hukataa kuongea, au huongea kwa kukwaruza. Waya hushika, hurusha, huvuja. Risasi huyeyushwa na mguu wa kapasita ukachomewa. Vitenzi hivi vyote ni vya Kiswahili cha kila siku, na kila kimoja kinataja dalili bila kukosea. Mama aletaye redio akisema, "Fundi, hii inaongea halafu inanyamaza ukiigusa," amekwisha kumwambia fundi kwamba kuna kiungo kilicholegea.

Majina ya darasani kwa upande wake yameundwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutohoa: betri, swichi, fyuzi, transfoma, daiodi, transista. Ya pili ni kupanua maana, kama tulivyoona katika umeme na mkondo. Ya tatu ni kuunda kutokana na vitenzi: kinza likazaa ukinzani na kikinza, pitisha likazaa kipitishi, hami, lenye maana ya kulinda, likazaa kihami. Mengi ya majina haya yalisanifiwa Tanzania, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyakusanya katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990. Huko shule za msingi za umma zilifundisha sayansi kwa Kiswahili, hivyo maneno hayo yalipata vinywa vya kuyasema. Nchini Kenya sayansi ya madarasa ya juu ya msingi hufundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mwaka 1985, na lugha rasmi kwa katiba ya mwaka 2010, lakini mwanafunzi wa Kitale huweza kumaliza shule akiwa ameyasoma mashairi ya Kiswahili na asiwahi kulisikia neno ukinzani.

Hali hii huwadhulumu watu wawili. Wa kwanza ni kijana aliyekaa karakanani miaka mitano, anayeijua kazi kwa vidole vyake, lakini ashindwaye na mtihani wa nadharia kwa kuwa maswali yamekuja kwa lugha ambayo hakujifunzia kazi. Wa pili ni mhitimu wa chuo aliyeandika ufafanuzi wote kwa Kiingereza, lakini akisimama mbele ya mwenye nyumba hawezi kumweleza kwa nini alipie waya wa tatu. Kijana wa kwanza hukosa cheti. Mteja wa yule wa pili hukosa kinga.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya vipuri yaachwe kama mafundi wayatamkavyo, kwa tahajia ya Kiswahili. Hakuna faida ya kuibadili fyuzi. Pili, maneno machache ya vipimo, yaani volteji, mkondo, ukinzani, uwezo na nishati, yafundishwe katika karakana na vyuo vyote, na neno nguvu lisiachiwe kusimama peke yake mahali penye hatari. Tatu, athi iitwe waya wa ardhi, au bora zaidi waya wa kinga. Jina la kwanza lasema uendako; la pili lasema ufanyacho. Mtu huweza kukataa kulipia waya uendao ardhini. Ni vigumu zaidi kukataa kulipia kinga ya watoto wake.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba misingi ya umeme na elektroniki yaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila ya kuilazimisha lugha, na kwamba sehemu kubwa ya maneno yanayohitajika tayari yapo: mengine kamusini, mengine karakanani. Kilichokosekana ni kukutana. Wanaisimu wamekuwa wakiunda istilahi bila ya kuzipeleka kwa mafundi, na mafundi wamekuwa wakiunda lugha bila ya mtu kuiandika. Idara za Kiswahili zina wajibu hapa, kwani hata mwanafizikia aliye hodari hatazamiwi kujua kwa nini neno moja la mtaani limebeba dhana tatu. Kazi ya kwanza, ambayo wanafunzi wetu wanaweza kuianza mara moja, ni kukaa na mafundi wa redio, wa simu na wa nyaya za majumbani katika miji kama Kitale na Bungoma, kuyaandika maneno yao pamoja na maana zake, na kuyalinganisha na yaliyomo kamusini. Orodha itakayopatikana irudishwe kwa mafundi hao hao waihakiki, ndipo iandikiwe kijitabu cha bei nafuu kitakachosomwa karakanani na vyuoni pia.